Umeinstoli programu na terminali inasema "command not found": rekebisha hivi, usishushe tena

Swali hili nimelijibu sana mpaka nimeona niliandike mara moja, mtu akiuliza namtumia hii asome mwenyewe. Wanaouliza ni vijana wa chuo kule Nyegezi na Malimbe, Mwanza, wanaoanza kutengeneza apu, kuna mtu yupo Buzuruga kanunua laptopu used imekuja na Ubuntu, kuna dada yupo Ukerewe anajifunza Python kwa bando la simu, na wote maneno yao ni mamoja, "nimeinstoli vizuri tu kaka, haijaleta kosa lolote, ila nikiiita kwenye terminali inasema command not found". Kinachofuata ndo kinaniuma, mtu anafuta kila kitu anashusha upya, mamia ya MB, bando linaisha usiku huohuo na tatizo liko palepale.

Usishushe tena. Programu unayo. Ila sheli, yaani ile inayopokea kamandi unazoandika kwenye terminali, haijui programu ilipo, au imeelekezwa vibaya kwenye faili lake la mipangilio. Mara nyingi hilo linaisha kwa mstari mmoja tu, na kuuandika huo mstari hakuli hata MB moja.

Mfano wangu utakuwa Flutter (vifaa vya Google vya kutengenezea apu) kwa sababu ndo inayosumbua wengi huku, lakini njia ni hiyohiyo kwa Go, Node, Java, vifaa vya Android na kingine chochote unachokifungua kutoka kwenye zip ukakiweka mwenyewe kwenye folda.

Kabla hujagusa chochote

- Laptopu yenye Linux (Ubuntu, Mint, Debian, Kali), au Mac, au Windows yenye WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Windows kavu ya PowerShell ina utaratibu wake, hapa siigusi.
- Chaji ya kutosha. Betri za laptopu used tunazijua, umeme ukikatika katikati ya kuhariri faili unabaki hujui kama ulisevu au hukusevu.
- Ujue nano kidogo (kihariri maandishi cha ndani ya terminali): Ctrl+O halafu Enter ni kusevu, Ctrl+X ni kutoka. Hiyo inatosha. Vim iache kwa leo.
- Ujumbe wa kosa wenyewe, mzima mzima, uukopi kwenye faili pembeni. "Imegoma" siyo ujumbe wa kosa.
- Madirisha mawili ya terminali. Moja la kufanyia kazi, lingine unaliacha wazi hulifungi mpaka mwisho kabisa, kwa sababu lile lililofunguka kabla hujaharibu faili linaendelea kufanya kazi na mipangilio ya zamani, na ndo litakalokuokoa mambo yakienda kombo.

Nadharia, kidogo tu

Ukiandika `flutter` sheli haipekui kompyuta nzima. Ina orodha ya folda inayoitwa PATH, inapita folda ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mpangilio. Ni kama umemtuma mtoto chumvi ukamwambia anzia kwa Mangi, ukikosa nenda pale stendi, ukikosa rudi. Duka ambalo hukumtajia hatalifikia hata chumvi ingejaa mpaka mlangoni, atarudi atakwambia hakuna. Hiyo "command not found" ndo mtoto karudi.

Orodha hiyo unaweza kuiongezea folda kupitia faili ambalo sheli inalisoma kila inapofunguka. Faili hilo limefichwa, jina lake linaanza na nukta, liko kwenye folda yako ya nyumbani. Basi, nadharia imeisha.

Hatua ya 1: Jua sheli yako ni ipi

Andika:

```
echo $0
```

Ikijibu `bash` au `-bash`, faili lako ni `~/.bashrc` (Mac yenye bash ni `~/.bash_profile`). Ikijibu `zsh` au `-zsh`, faili lako ni `~/.zshrc`. Ubuntu, Mint na Debian zinakuja na bash. Mac kuanzia toleo la Catalina la 2019 yuza mpya anapewa zsh, na Kali nayo ilihamia zsh mwishoni mwa 2020.

Usiiruke hatua hii hata kama unajiona unajua. Wengi wanaangalia video ya mtu wa Ubuntu wakati wao wana Mac au Kali, wanajaza mistari kwenye `.bashrc`, na zsh haina habari na faili hilo, hailisomi. Halafu wanalilazimisha kwa `source ~/.bashrc` na inatoka `command not found: shopt`. Ukiona hiyo shopt ujue umelisha zsh chakula cha bash. Toka hapo, nenda `.zshrc`.

Kuanzia hapa nitaandika `.bashrc`. Wa zsh badilisha mwenyewe.

Hatua ya 2: Bekapu

```
cp ~/.bashrc ~/.bashrc.bekapu
```

Sekunde mbili tu. Wa Mac ukiambiwa faili halipo usishtuke, `.zshrc` huwa halipo mpaka mtu alitengeneze, andika `touch ~/.zshrc` uendelee.

Hatua ya 3: Tafuta programu imekaa wapi

Hapa ndo penye kazi, na ndo watu wanaparuka wanakimbilia kukopi mstari wa mtu mwingine wenye folda ya mtu mwingine. Mwenye video aliweka yake kwenye `development`, wewe ya kwako bado iko `Downloads`, mtafanana vipi?

```
find ~ -type f -name flutter 2>/dev/null
```

Subiri, diski za zamani zinachukua muda. Itatoa kitu cha namna hii:

```
/home/neema/development/flutter/bin/flutter
```

Ikitoa mistari kadhaa chukua ule unaoishia na `/bin/flutter`. Unachokitaka ni folda, kwa hiyo kata kipande cha mwisho: `/home/neema/development/flutter/bin`. Kariri hilo, PATH inataka folda, haitaki faili. Ukiiwekea njia inayoishia na jina la programu yenyewe haitakulalamikia, itanyamaza tu na programu haitaonekana, na utakaa hapo mpaka usiku.

Kama find haikutoa kitu, basi yawezekana zip bado hujaifungua. Angalia Downloads. Kushusha siyo kuinstoli, ngosha.

Na kama imekutwa ndani ya Downloads, ihamishe sasa hivi kabla hujaendelea, kwa sababu siku ukija kusafisha Downloads upate nafasi ya muvi utaifuta na yenyewe:

```
mkdir -p ~/development
mv ~/Downloads/flutter ~/development/
```

Kisha hakikisha inaruhusiwa kuendeshwa:

```
ls -l ~/development/flutter/bin/flutter
```

Mwanzo wa mstari unatakiwa uone herufi x, mfano `-rwxr-xr-x`. Kama hakuna x hata moja ongeza kwa `chmod +x` ikifuatiwa na njia ya faili hilo.

Ambao mmeinstoli kwa apt (kamandi ya Ubuntu na Debian ya kuinstoli programu) hatua hii kwenu ni nyepesi zaidi, apt inaweka vitu `/usr/bin` ambako tayari pako kwenye orodha. Ukiona kitu cha apt hakionekani, angalia jina la kamandi yenyewe, maana jina la kifurushi na jina la kamandi wakati mwingine havifanani. Kifurushi kinaitwa `nodejs`, kamandi ni `node`. Kifurushi ni `ripgrep`, kamandi ni `rg`. Ukiandika `dpkg -L ripgrep | grep bin/` itakuonyesha.

Hatua ya 4: Jaribu kwa muda kabla ya kuandika popote

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na karibu hakuna anayeifanya. Kwenye dirisha la kazi andika:

```
export PATH="$PATH:$HOME/development/flutter/bin"
type flutter
```

Ikijibu `flutter is /home/neema/development/flutter/bin/flutter` umemaliza kazi ngumu, mstari wako ni sahihi. Ikigoma, hujaharibu chochote, ukifunga dirisha hilo kila kitu kinasahaulika. Natumia `type` siyo `flutter --version` kwa makusudi, maana Flutter ukiiamsha mara ya kwanza inaweza kuanza kujijenga na kutaka intaneti, wakati sisi tunataka kujua tu kama inaonekana.

Tuuangalie huo mstari kipande kwa kipande, kwa sababu kila kipande kina watu wake wanaokikosea.

`export PATH=` hakuna nafasi kabla ya alama ya sawasawa, hakuna nafasi baada yake. Ukiandika `PATH = ...` sheli inadhani PATH ni jina la kamandi na itakwambia `PATH: command not found`.

`$PATH` ya ndani ndo orodha ya zamani. Ukiisahau umefuta maduka yote ukabakiza moja, na hapo hata `ls` itakwambia haipo. Dawa yake iko huko chini.

Nukta mbili inatenganisha folda na folda. Siyo koma, siyo nafasi, siyo nukta mkato ambayo ni ya Windows.

`$HOME` ni folda yako ya nyumbani. Tumia hiyo badala ya `~`, maana kiwimbi kikiwa ndani ya alama za nukuu hakifunguliwi, kinabaki kiwimbi. Bash ina huruma yake inaweza kukuelewa, zsh na programu nyingine hazikuelewi, kwa hiyo inafanya kazi hapa inagoma pale, na kosa la namna hiyo ni baya kuliko linalogoma kila mahali.

Mwisho herufi kubwa na ndogo. `Development` na `development` kwenye Linux ni folda mbili tofauti.

Hatua ya 5: Sasa uandike kwenye faili

Kwanza angalia kama jana hukuacha mistari mingine ya majaribio:

```
grep -n PATH ~/.bashrc ~/.profile
```

Inakuonyesha kila mstari wenye PATH na namba yake. Ukikuta Flutter imetajwa mara nne na folda nne tofauti, ni wewe huyo. Weka alama ya `#` mwanzoni mwa ile ya zamani, sheli itairuka. Usiifute kwanza. Na mistari usiyoijua usiiguse, mingine imekuja na mfumo.

Halafu:

```
nano ~/.bashrc
```

Shuka chini kabisa mwa faili, acha mstari mmoja mtupu, weka mstari uleule uliofaulu hatua ya 4, herufi kwa herufi. Juu yake andika maelezo yako ukianza na `#`, mfano `# flutter`, miezi sita ijayo utajishukuru. Sevu, toka.

Onyo la kwanza: usiweke `sudo` (inayoendesha kamandi kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo) mbele ya nano. Faili ni lako, liko nyumbani kwako. Kama faili halikuwepo na umelitengeneza kwa sudo litakuwa mali ya root, kesho ukitaka kulihariri unaambiwa huna ruhusa. Kama umeshafanya hivyo, `sudo chown "$USER" ~/.bashrc` inarudisha.

Onyo la pili, na hili lishike kweli. Kuna maelezo mengi yanakuambia uandike `echo '...' >> ~/.bashrc`. Alama mbili `>>` zinaongeza mwishoni. Alama moja `>` inafuta faili lote kisha inaandika mstari wako peke yake. Kidole kikiteleza mara moja, faili limekwenda. Ndo maana nasema tumia nano. Na kama ni lazima echo, tumia alama moja moja za nukuu, siyo mbili mbili, la sivyo `$PATH` itafunguliwa palepale na utaandika orodha nzima ya leo kwenye faili ikae milele.

Hatua ya 6: Mwambie bash alisome bila kulitekeleza

```
bash -n ~/.bashrc
```

Ikinyamaza, uandishi uko sawa. Ikisema kitu itataja namba ya mstari, nenda nao moja kwa moja, `nano +118 ~/.bashrc` inakufikisha mstari wa 118. Ila kumbuka kosa la alama ya nukuu isiyofungwa mara nyingi linatajwa mbali na lilipo, bash inaendelea kutafuta mwenzake mpaka mwisho wa faili ndo inalalamika. Ukiambiwa mstari wa mwisho na mstari wa mwisho hauna kosa, panda juu kwenye ulichoandika leo.

Wa zsh ni `zsh -n ~/.zshrc`.

Hatua ya 7: Pakia, halafu fungua dirisha jipya

```
source ~/.bashrc
```

Halafu fungua dirisha la tatu, jipya kabisa, andika `type flutter` humo. Jaribio la kweli ni hilo la dirisha jipya, maana lile la kazi tayari lina PATH uliyoiweka kwa mkono hatua ya 4, linaweza kukudanganya kwamba faili liko sawa wakati hujasevu. Likijibu vizuri ndo unaweza kufunga lile dirisha la akiba.

Kukopi kutoka WhatsApp na kwenye notisi za Word

Hii naipa sehemu yake kwa sababu inaliza watu wengi wasio na kosa lolote. Mstari uko sahihi, mwalimu kautuma kwenye grupu, umekopi umepesti, na bado.

Tatizo ni alama za nukuu. Word na kibodi za baadhi ya simu zinabadilisha alama zilizonyooka `"` kuwa zilizopinda “ ”. Kwa macho zinafanana, kwa sheli zile zilizopinda ni herufi za kawaida tu. Kinachotokea ni kwamba alama ya kufungua inajibandika kwenye folda ya kwanza ya orodha yako, na ya kufunga inajibandika kwenye folda ya mwisho, ambayo ndo hiyo mpya uliyoongeza. Hakuna ujumbe wa kosa. Sheli inatafuta folda inayoitwa `bin”` na folda hiyo haipo duniani. Ichungulie hivi:

```
echo "$PATH" | tr ':' '\n'
```

Inapanga orodha folda moja kwa mstari. Tazama wa kwanza na wa mwisho kwa makini. Kamandi hii mimi naitumia kila siku hata bila shida, ukiwa na mashaka yoyote anza na hiyo.

WhatsApp nayo inatumia nyota, kiwimbi na mstari wa chini kupamba maandishi, hivyo alama zinaweza kupotea njiani. Ukimtumia mwenzio kamandi mtumie kwenye faili la maandishi, au wewe unayepokea andika kwa mkono wako alama za nukuu na viwimbi. Kuchapa mstari mmoja hakuui.

Ikigoma bado

*Kila kitu kimepotea, hata ls haipo.* Umesahau `$PATH` ya ndani. Usizime kompyuta, usiinstoli Ubuntu upya (kuna mafundi watakushauri hivyo, na watakutoza). Andika:

```
export PATH=/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
```

Kamandi zote zimerudi kwenye dirisha hilo. Fungua faili kwa nano, rekebisha mstari, hatua ya 6 na 7 tena. `export`, `cd` na `echo` zinaishi ndani ya sheli yenyewe, ndo maana zinaendelea kufanya kazi hata PATH ikiwa imekufa.

*Terminali inafunguka na kujifunga papo hapo.* Kuna `exit` imeingia kwenye `.bashrc`, au mstari wa `exec` unaoita programu inayokufa. Huhitaji terminali kuitoa. Fungua folda yako ya nyumbani kwa kidhibiti faili cha kawaida, bonyeza Ctrl+H, mafaili yaliyofichwa yatatokea, fungua `.bashrc` kwa kihariri maandishi cha kawaida ukarekebishe. Mac ni Command+Shift+nukta ndani ya Finder. Wa WSL, kwenye PowerShell andika `wsl -e bash --norc`, inaingia bila kusoma `.bashrc`.

*Nikiingiza nywila Ubuntu inanirudisha palepale pa kuingiza nywila.* Hapo uligusa `.profile`, hilo linasomwa wakati wa kuingia. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila kwenye skrini nyeusi, andika `/usr/bin/nano ~/.profile` na njia yake nzima hivyohivyo, weka `#` kwenye mstari wako, sevu, halafu `/usr/bin/sudo /sbin/reboot`. Kwa anayeanza mimi nashauri `.profile` iache kabisa, `.bashrc` inakutosha.

*`$'\r': command not found` inajirudia mistari mingi.* Faili lilihaririwa na kihariri cha Windows kikaweka miisho ya mistari ya Windows. Hii ni ya watu wa WSL. Dawa:

```
sed -i 's/\r$//' ~/.bashrc
```

*`syntax error: unexpected end of file`.* Kuna kitu kimefunguliwa hakijafungwa, mara nyingi `if` isiyo na `fi`. Nimeona sana kwa walioifuta Anaconda nusu. Conda inaandika fungu zima lenye alama mwanzoni `# >>> conda initialize >>>` na mwishoni `# <<< conda initialize <<<`. Ukiamua kulitoa toa lote, pamoja na alama zake, usichukue mistari ya katikati ukaacha mingine.

*Kila nikifungua terminali inasema `.cargo/env: No such file or directory`.* Uliinstoli Rust, ukafuta folda, mstari wake ukabaki. Utafute kwa `grep -n cargo ~/.bashrc ~/.profile ~/.zshenv`, weka `#` mbele yake. Kama moja ya mafaili hayo huna, grep itasema halipo, mpuuze. Njia ni hiyohiyo kwa nvm na wengine wanaojiandikisha kwenye faili lako bila kuaga wakiondoka.

*Kitu cha pipx au pip kimeingia `~/.local/bin` lakini hakionekani.* Ubuntu inaiongeza folda hiyo kwenye PATH yenyewe, ila inafanya hivyo wakati unaingia kwenye mashine na tu kama folda tayari ipo. Sasa wewe folda imezaliwa leo. Toka kwenye akaunti, ingia tena, imeisha hiyo. Huhitaji kuandika mstari wowote.

*Inafanya kazi kawaida ila nikiweka sudo inasema haipo.* Sudo kwenye Ubuntu ina orodha yake ya folda, haitumii ya kwako. Na vitu kama Flutter havitakiwi kuendeshwa na sudo hata kidogo, vitakuachia mafaili ya root kila kona.

*Nimesasisha lakini inaendelea kuita toleo la zamani.* Andika `type -a node`, itakuonyesha zote zilizopo kwa mpangilio, ya kwanza ndo inayotumika. Ukitaka ya kwako itangulie weka folda yako mbele: `export PATH="$HOME/node/bin:$PATH"`. Kama mpangilio uko sawa na bado, `hash -r`, bash huwa inakumbuka njia ya zamani.

*`cannot execute binary file: Exec format error`.* Hii siyo PATH. Umeshusha ya prosesa nyingine. `uname -m` ikisema `x86_64` shusha ya x64 au amd64, ikisema `aarch64` au `arm64` shusha ya arm64. Hapa tu ndo nakubali ushushe tena, na usome jina la faili vizuri kabla hujabonyeza.

*Terminali iko sawa lakini VS Code haioni.* Funga madirisha yake yote, siyo tabo moja, fungua upya. Ikikataa ianzishe kutoka kwenye terminali iliyo sawa kwa kuandika `code`.

*Nimechanganya kila kitu, sijui nilichoandika na bekapu sikuchukua.* Kwa Ubuntu na Debian faili asilia limehifadhiwa kwenye mfumo. Weka lako pembeni, leta jipya:

```
mv ~/.bashrc ~/.bashrc.mbovu
cp /etc/skel/.bashrc ~/.bashrc
```

Wa Mac ni `mv ~/.zshrc ~/.zshrc.mbovu` tu, fungua dirisha jipya. Halafu fungua lile bovu pembeni, uchukue mstari mmoja mmoja unaoujua kazi yake, kila ukiongeza mmoja unafungua dirisha jipya kupima. Usihamishe mitano kwa mpigo, maana ikivunjika utakuwa hujui ni upi.